Gari la Kusukumwa na Magurudumu ya Nyuma Kwenye Theluji

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lina sifa mbaya kwenye theluji, na sehemu kubwa ya sifa hiyo imetokana na watu kuliendesha kwa matairi ya kiangazi. Livishe matairi manne ya baridi, na gari hilohilo litapanda, litakata kona na litasimama vizuri. Kinachobaki ni wewe dereva kuelewa kwamba mguu wako wa kulia unazungumza na magurudumu ya nyuma moja kwa moja, na magurudumu hayo ndiyo pia yanayouzuia mkia wa gari usitupwe pembeni.

Kwa nini mkia hutoka

Tairi lina kiasi fulani cha mshiko, na kiasi hicho hugawanywa kati ya kazi zake. Ukikitumia chote kusukuma gari mbele, hakibaki cha kulishikilia lisiende kando. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mafuta yakizidi, mbele ndiko kunakoteleza: gari linanyooka badala ya kufuata kona, na ukilegeza mguu linarudi kwenye njia yake. Kwenye gari la kusukumwa kwa nyuma, mafuta yakizidi ni mkia unaotoka. Ukishatoka hautulii hapo. Unaendelea kufunguka mpaka uurudishe mwenyewe, mfumo wa umeme uuzuie, au gari ligeuke likaangalia lilikotoka.

Uzito nao una sehemu yake. Gari la kuvutwa mbele huwa na takriban asilimia 60 ya uzito wake juu ya magurudumu yanayofanya kazi. Gari la saluni la kusukumwa kwa nyuma lina karibu nusu tu, na pikapu tupu ina pungufu ya hapo. Lakini si hasara tupu: unapoondoka au unapopanda mlima uzito hurudi nyuma na kuyakandamiza magurudumu yanayosukuma, na magurudumu ya mbele yanabaki huru kwa kazi ya usukani.

Ili ujue unashindana na nini, shika hesabu hii. Lami kavu ina mgawo wa msuguano (kipimo cha mshiko; namba ikiwa ndogo, utelezi ni mkubwa) wa karibu 0.8. Theluji iliyoshindiliwa, ukiwa na matairi ya baridi, ni 0.2 hadi 0.3. Barafu ni 0.1 au chini yake. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likifunga breki husimama kwa mita 12 hivi kwenye lami kavu, mita 33 hadi 49 kwenye theluji, na karibu mita 100 kwenye barafu. Hapo sijahesabu sekunde ya kushtuka, ambayo kwa mwendo huo inakula mita 14 kabla mguu haujagusa breki. Hata kilomita 30 kwa saa juu ya barafu zinahitaji mita 35. Hesabu hiyo haijali gari linasukumwa na magurudumu gani, na ndiyo maana hata mwenye gari linalosukumwa na magurudumu yote manne hujikuta mtaroni.

Matairi: manne, si mawili

Kosa linaloonekana sana ni kununua matairi mawili ya baridi na kuyafunga nyuma kwa sababu "ndiko kunakosukuma". Gari litaondoka vizuri, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu linakupa moyo. Wakati wa kufunga breki uzito huhamia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo hubeba kazi kubwa ya kusimamisha gari na yote ya kuligeuza. Yakiwa na mpira wa kiangazi uliokakamaa kwa baridi, gari litapita kona moja kwa moja. Funga manne, ya aina moja.

Mpira wa tairi la baridi hubaki laini halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, wakati ule wa kiangazi huanza kuwa mgumu. Meno yake yamechanjwa chale nyingi nyembamba. Chale hizo hufunguka tairi linapojipinda, zikauma theluji, na theluji iliyonasa ndani yake husaidia kushika, maana theluji hushikana na theluji kuliko inavyoshikana na mpira. Ubavuni tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake: tairi hilo limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake ni tamko la mtengenezaji kuhusu umbo la meno, hazithibitishi kipimo chochote.

Kina cha meno kisishuke chini ya milimita 4. Sheria za nchi nyingi zinaruhusu 1.6, lakini Austria hailihesabu tairi la chini ya milimita 4 kuwa la baridi, na Uswidi na Ufini zimeweka 3. Chini ya hapo chale zimekwisha, na ulichobaki nacho ni tairi la kawaida lenye mpira laini. Kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, matairi yake huisha haraka. Badilishana mbele na nyuma kabla tofauti haijawa kubwa, na jozi yenye meno marefu zaidi ikae nyuma. Mbele kukiteleza unaweza kupunguza mwendo ukasubiri. Nyuma kukiteleza hupewi muda huo.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua saizi, chukua tairi jembamba kati ya yale ambayo kitabu cha gari kinaruhusu. Jembamba hukata theluji likatafuta ardhi, pana huelea juu yake. Angalia mshale wa mwelekeo ubavuni, kaza nati kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, kisha zipime tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Matairi mapya yaendeshe taratibu kwa kilomita mia chache za mwanzo mpaka utando wa kiwandani uishe.

Upepo pima matairi yakiwa ya baridi, gari likiwa limelala nje. Halijoto ikishuka nyuzi 10, presha hushuka kwa takriban bar 0.1. Tairi lililojazwa ndani ya gereji yenye nyuzi 20 likitolewa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri limepoteza karibu bar 0.3, sawa na psi 4 hadi 5, bila kutoboka popote. Na usipunguze upepo makusudi eti tairi lishike zaidi. Huo ni ujanja wa mchangani, barabarani unalilegeza gari kwenye kona.

Mzigo wa nyuma

Saluni yenye matairi mazuri kwa kawaida haihitaji mzigo. Pikapu tupu inauhitaji. Weka mifuko ya mchanga yenye jumla ya kilo 100 hadi 150 juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, ndani ya uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Kwa gari dogo, ukiona lazima, kilo 40 hadi 60 zinatosha.

Mahali pa kuweka ni muhimu kuliko kilo zenyewe. Mzigo uliosukumwa hadi mlangoni mwa buti, nyuma kabisa ya ekseli, hufanya kazi kama pendulo: mkia ukianza kutoka, uzito ule unauvuta uendelee, na wakati huohuo unainua mbele na kupunguza nguvu ya usukani. Ufunge kwa mikanda. Mfuko wa kilo 25 uliolegea ukigonga kitu huja mbele kwa nguvu ya kuua. Mchanga uwe mkavu na mfuko uzibwe vizuri, kwani ukiwa na unyevu utaganda usiku uwe jiwe, na siku utakapokwama ukataka kuumwaga chini ya tairi hautamwagika.

Kabla ya kuwasha

Fagia theluji yote, ya paa pia. Ile ya paa hungoja breki ya kwanza, ikateremka juu ya kioo cha mbele kwa mkupuo mmoja, na waipa haziwezi kuisukuma. Safisha taa, kamera na vitambuzi. Chungulia bomba la moshi: likizibwa na theluji na injini ikawaka, gesi ya kaboni monoksidi inaingia ndani ya gari, na gesi hiyo haina harufu. Kung'uta viatu. Soli yenye theluji huteleza kwenye pedali, na safari yote hii inategemea mguu.

Ndani ya gari uwe na koleo fupi, mchanga mkavu, kamba ya kuvutia, glavu, blanketi, tochi, minyororo kama njia yako ina milima, na ile ndoano ya kuvutia inayofungwa kwa skrubu. Ndoano hiyo mara nyingi hukaa na jeki chini ya zulia la buti. Itafute leo, ujue na tundu lake liko wapi kwenye bampa.

Kuondoka

Nyosha usukani kwanza. Magurudumu ya mbele yaliyopinda ni kama kisiki mbele ya gari, na yale ya nyuma yatakata tamaa kabla hayajakisukuma.

Gari la gia za mkono liingize gia ya pili. Achia klachi mpaka inapoanza kushika, isimame hapo kidogo, uliache gari litambae lenyewe bila mafuta au kwa mafuta ya kugusa tu. Gia ya kwanza huzidisha nguvu ya injini inayofika kwenye tairi, na hapa nguvu ndiyo adui. Gari la otomatiki lenye kitufe cha theluji au herufi W huondokea gia ya pili au huzubaisha pedali ya mafuta; kitumie. Kama halina, achia breki polepole litambae, ndipo uongeze mafuta.

Mfumo wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure uache umewashwa barabarani. Kwenye theluji ya kina, hata hivyo, unaweza kuikaba injini kila tairi linapoteleza kidogo, gari likasimama kabisa. Hapo uzime, ondoka, na uuwashe tena mara gari linapokuwa na mwendo. Kusahau kuuwasha kumewagharimu wengi kona ya kwanza.

Tairi likizunguka bila gari kwenda, acha mara moja. Kila mzunguko wa bure unapasha theluji joto, inayeyuka, inaganda tena, na ndani ya sekunde chache umejichongea kishimo cha barafu kinachong'aa kama kioo.

Mwendo, breki na injini

Fanya jambo moja kwa wakati mmoja: funga breki gari likiwa limenyooka, kisha kata kona, kisha ongeza mafuta. Ukichanganya mawili unaligawa lile fungu dogo la mshiko.

Acha nafasi ya sekunde 8 hadi 10 kati yako na gari la mbele. Gari la ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), ukihitaji kusimama kwa dharura, kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie. Pedali itatetemeka na kunguruma chini ya mguu, na huo ni mfumo unafanya kazi yake, usilegeze. Kwenye theluji laini ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama kwa sababu magurudumu hayajikusanyii tuta la theluji mbele yake, lakini inakuachia usukani, na usukani una thamani zaidi. Gari lisilo na ABS kanyaga hadi karibu na kujifunga, na likijifunga legeza, kanyaga tena.

Breki ya injini ndiyo sehemu ambayo ushauri wa jumla humwangusha dereva wa gari la kusukumwa kwa nyuma. Wengi wameambiwa kwamba kwenye utelezi ni salama kushusha gia kuliko kukanyaga breki. Kwa gari hili breki ya injini hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukishusha kutoka gia ya nne hadi ya pili na kuachia klachi kwa kishindo juu ya barafu, ni sawasawa na kuvuta breki ya mkono: nyuma inajifunga, mkia unatoka, nawe hujagusa pedali ya breki. Kushuka gia ni kwa ngazi moja moja, injini ikipandishwa mzunguko kidogo ili ilingane na mwendo, na klachi ikiachiwa pole. Penye utelezi mkali, breki nyepesi ya mguu, inayogawanywa kwa magurudumu yote manne, ni salama zaidi.

Gari la umeme la kusukumwa kwa nyuma lina tabia hiyohiyo kwa sura nyingine. Ukiinua mguu, mota hurudisha nishati kwenye betri kwa kuyakaba magurudumu ya nyuma. Weka kiwango hicho chini kabisa kunapoteleza, na chagua hali ya theluji au hali tulivu, kwani mota hutoa nguvu yake yote papo hapo. Zima pia kidhibiti mwendo (cruise control, kinachoshikilia kasi uliyoiweka bila mguu wako): ukigonga kipande cha barafu hakijui kulegeza kwa upole, na wewe mguu wako uko mbali na pedali.

Sikiliza barabara. Theluji ina sauti chini ya tairi, inasagika na kukwaruza. Sauti hiyo ikipotea ghafla na usukani ukawa mwepesi mikononi, uko juu ya barafu. Usifanye lolote la ghafla; legeza mafuta taratibu, shikilia usukani ulipo, subiri sauti irudi. Baridi kali si adui mkubwa kama watu wanavyodhani. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri theluji ni kavu, inalia ukiikanyaga, na tairi la baridi linaishika vizuri. Ubaya uko karibu na sifuri, barafu inapokuwa na utando wa maji juu yake. Madaraja huganda kwanza kwa kuwa upepo unapita juu na chini, halafu sehemu zenye kivuli, halafu mita chache kabla ya taa za kuongozea magari, ambako magurudumu ya magari mengi yamepiga msasa theluji mpaka ikawa barafu.

Kuhama njia nako kuna mtego. Katikati ya njia mbili hujikusanya tuta la theluji laini au tope la theluji. Livuke kwa pembe ndogo, mafuta yakiwa thabiti. Ukiongeza mafuta wakati gurudumu moja la nyuma liko kwenye tope na jingine liko kwenye lami, yanasukuma kwa nguvu tofauti na mkia unavutwa.

Kona

Punguza mwendo mapema kuliko unavyodhani inatosha, kabla ya usukani kugeuka. Ingia ukiwa na mafuta madogo yasiyobadilika, macho yakiwa kwenye mwisho wa kona. Ukitoa mguu ghafla katikati, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na breki ya injini inamalizia kazi. Ukiongeza ghafla, tairi linazunguka bure. Vyote viwili vinatoa mkia. Ongeza mafuta pale tu usukani unapoanza kurudi katikati.

Ukiingia na mwendo mwingi, mbele ndiko kutakakoteleza kwanza: umegeuza usukani na gari linaenda moja kwa moja. Silika inasema geuza zaidi. Usigeuze. Legeza mafuta, rudisha usukani kidogo mpaka uhisi tairi zimeshika, ndipo uelekeze upya. Usukani uliogeuzwa kupita kiasi una hatari ya pili, kwani mshiko ukirudi ghafla gari litarukia kule ulikoelekeza.

Mkia ukitoka

Hapa kila kitu ni cha nusu sekunde, kwa hiyo mpangilio uwe kichwani tayari.

1. Macho. Tazama unakotaka kwenda, usitazame mti wala mtaro. Mikono hufuata macho.
2. Mguu. Toa mafuta na usiguse breki. Kwenye gia za mkono kanyaga klachi wakati huohuo, ili magurudumu ya nyuma yazunguke huru bila kusukumwa wala kukabwa. Gari la otomatiki liache kwenye D, usipapase gia.
3. Usukani. Geuza upande ambao mkia unaelekea. Mkia ukienda kulia, geuza kulia. Geuza haraka, lakini kwa kiasi cha kuyaelekeza magurudumu ya mbele kule unakotaka gari liende, si zaidi.
4. Rudisha. Mara unapohisi mkia umesita, anza kunyoosha usukani, kabla gari halijanyooka kabisa. Hatua hii ndiyo wengi huchelewa. Mkia hurudi kwa kasi, na usukani ukiwa bado umegeuzwa unatupwa upande wa pili, mara nyingi kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.
5. Gari likitulia, achia klachi pole ukiwa na mafuta kidogo, endelea kwa mwendo wa chini.

Mfumo wa uthabiti, ambao ni wa lazima kwa magari mapya ya abiria Marekani tangu modeli za 2012 na katika Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014, hufunga breki gurudumu moja moja ili kulinyoosha gari. Elekeza usukani unakotaka kwenda na uuache ufanye kazi. Lakini nao unatumia mshiko uleule wa matairi. Gari lililoingia kona kwa mwendo wa kijinga hauwezi kuliokoa.

Difu, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili ya nyuma, ikiwa na kizuizi cha utelezi hubadilisha tabia hii. Difu ya kawaida huacha tairi moja lizunguke huku jingine likishikilia mkia. Difu ya kizuizi huyasukuma yote mawili, kwa hiyo gari linaondoka vizuri zaidi, lakini mafuta yakizidi yanateleza yote kwa pamoja. Difu ya kufunga ya pikapu ni ya kujinasua tu, ifungue kabla ya kuingia barabarani.

Milima

Subiri chini mpaka njia iwe wazi hadi juu. Kasi yako ichukue kwenye tambarare, kisha panda kwa gia ya pili au ya tatu na mafuta yasiyobadilika. Tairi likianza kuzunguka, punguza mafuta kidogo tu. Ukiyatoa yote umepoteza mwendo na huupati tena. Ukisimama katikati usipambane. Rudi nyuma kwa gia ya rivasi, usukani umenyooka, breki za kugusa, mpaka mahali tambarare, ujaribu tena ukipitia kwenye theluji ambayo haijapigwa msasa. Ushauri wa kupanda mlima kinyumenyume waachie wenye magari ya kuvutwa mbele. Kwao uzito unaangukia magurudumu yanayofanya kazi, kwako unayakimbia.

Kushuka, chagua gia ukiwa bado juu, kabla ya mteremko kuanza. Gia ya pili au ya tatu kwa kawaida inafaa. Ya kwanza hukaba nyuma mno. Ukihisi mkia unayumba, kanyaga klachi mara moja, kisha tumia breki ya mguu kwa wepesi.

Ukikwama

Zima injini, shuka, toa theluji mbele na nyuma ya magurudumu yote manne, na chini ya tumbo la gari kama limekalia. Safisha bomba la moshi. Mwaga mchanga mbele ya magurudumu ya nyuma, urefu wa nusu mita hivi. Kutandika zulia la gari chini ya tairi ni hatua ya mwisho, na asisimame mtu nyuma yake, kwa maana tairi hulirusha.

Kisha bembeza: mbele kidogo kwa gia ya pili, gari likifika mwisho na kuanza kurudi kanyaga klachi, ingiza rivasi, nyuma kidogo. Kila safari inaongeza sentimita chache. Kwa otomatiki subiri gari lisimame kabla ya kubadili, la sivyo unaiumiza gia. Tairi moja likizunguka na jingine limetulia, kwenye gari lenye breki ya mkono ya waya ivute kidogo, mlio mmoja au miwili, huku ukiongeza mafuta kwa upole. Breki hiyo hukaba magurudumu ya nyuma, na difu inapeleka sehemu ya nguvu kwa lile lililolala. Magari mapya hufanya hivyo yenyewe.

Minyororo

Hufungwa kwenye magurudumu ya nyuma, yanayosukuma. Hakikisha kitabu cha gari kinaruhusu, na kwa saizi ipi ya tairi. Fanya zoezi la kufunga ukiwa nyumbani mchana, si gizani vidole vimekufa ganzi. Tandaza mnyororo uone haujajisokota, upitishe nyuma ya tairi, unganisha ndoano ya ndani, kisha ya nje, vuta ukaze. Endesha mita 50 hadi 100, simama, kaza tena. Usizidi kilomita 50 kwa saa, na ivue mara lami inapoonekana. Ukumbuke kwamba magurudumu ya mbele hayana minyororo: gari linaondoka kama trekta, lakini linageuka na kusimama kwa matairi matupu. Kwenye mteremko tofauti hiyo inadhihirika vibaya.

Kujizoeza

Tafuta uwanja mpana usio na nguzo wala kingo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Anza na breki ya ghafla kwa kilomita 20 kwa saa, uijue ile tetemeko ya ABS. Kisha zunguka duara kubwa kwa mwendo mdogo, ongeza mafuta taratibu mpaka mkia uanze kutoka, uurudishe. Rudia mpaka mikono inafanya kabla ya akili kuamua. Kwa dakika 20 utajifunza jinsi kiti kinavyokuambia mkia unatoka kabla macho hayajaona.

Kuegesha

Ukifika, usisimame palepale na kuzima. Matairi na breki vina joto, vitayeyusha theluji chini yake, na asubuhi utakuta magurudumu yamekaa kwenye vikombe vya barafu. Sogea mbele na nyuma mara moja kwa mwendo wa kutambaa, ukiipoza njia, ndipo usimame. Ingia kinyumenyume ikiwezekana, ili asubuhi utoke mbele huku ukiona. Chagua mahali ambapo magurudumu ya nyuma yamekanyaga patambarare, si kwenye bonde dogo la ukingo. Breki ya mkono ya waya inaweza kuganda usiku, kwa hiyo pakiwa tambarare acha gari kwenye gia ya kwanza au P bila kuivuta, na kama kuna mteremko wowote weka na kabari chini ya tairi. Inua waipa zisigande kiooni, na uchote theluji mbele ya magurudumu ya nyuma usiku huohuo kabla haijawa jiwe.